Kibuyu Kinachorudi Kimejaa

Dar es Salaam,
9 Agosti 1992

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu wewe na mama mdogo Adventina, na ng'ombe pia, maana mwaka jana ulinilaumu kwamba niliwasahau. Mimi ni mzima. Kikohozi kilichonikamata Pasaka kimekwisha. Natumaini kahawa mmeivuna yote na kuianika kabla mvua haijawawahi. Kitenge alichoagiza mama mdogo nimekipata, ila cha kijani kilikuwa kimekwisha, nikachukua cha zambarau. Mwambie akikikataa nitakivaa mwenyewe.

Nauliza pia kibanja cha marehemu baba. Fukusi wamepungua kwenye migomba? Kaburi linapaliliwa? Najua unapalilia. Nauliza kwa sababu nikiuliza nakuwa kama nimefika.

Sasa la kazi. Nimetolewa chumba cha wapiga chapa. Mama Speciose, mkuu wetu, alisema mwandiko wangu unasomeka na mdomo wangu haufunguki ovyo, kwa hiyo nimepewa kuandika muhtasari wa kamati ndogo inayotengeneza upya kanuni za Bunge. Unajua kwamba tangu Julai nchi ina vyama vingi. Siku moja watakaa ndani ya Bunge watu wasiopendana, na kanuni za sasa ziliandikwa kwa watu wa nyumba moja. Kamati inatakiwa kujibu swali moja tu: watu hao wakikataana, shughuli za nchi zitasongaje mbele?

Kamati yenyewe haisongi, Baba mdogo. Wajumbe ni tisa. Siku ya kwanza walikubaliana kwa heshima kwamba mjumbe yeyote asiyependa kifungu aseme "kiwekwe kando", na kifungu kitawekwa kando bila kuulizana. Sasa tuna miezi miwili. Vifungu vinne vimepita. Thelathini na moja viko kando. Mimi naandika tu: kiwekwe kando, kiwekwe kando. Jioni nikirudi chumbani mkono unauma kana kwamba nimelima.

Juzi katikati ya kikao nilikumbuka kibuyu cha baraza la kijiji chetu. Nilikuwa mdogo, baba alinipeleka nimshikie kofia. Nakumbuka kibuyu cha pombe ya rubisi kikizunguka na watu wakinyamaza, lakini sikumbuki kinafanyaje kazi. Hebu nieleze. Na ile shule ya sekondari iliyokuwa ikizungumzwa nilipoondoka, mmeshapata kiwanja?

Mwanao,
Deodatha

*

Nyabiyonza,
20 Septemba 1992

Mwanangu Deodatha,

Marahaba sana. Barua yako ilikaa parokiani wiki tatu kwa sababu katekista alikwenda Kaisho kumwoza binti yake na akaondoka na ufunguo wa kabati. Ng'ombe wamepokea salamu. Yule mwekundu amezaa jike. Mama yako mdogo anasema zambarau ndiyo aliyoitaka tangu mwanzo, na kwamba wewe ndiye uliyesikia kijani. Mimi nilikuwepo alipoagiza, lakini nataka kuendelea kula katika nyumba hii.

Kahawa imekauka. Fukusi wapo, ila tunapambana nao kwa majivu. Kaburi la baba yako ni safi, nimelipalilia Jumamosi.

Sasa kibuyu. Ni rahisi. Serikali inasema tupige kura kwa mikono, na mikono tunainyosha, ili muhtasari uende wilayani. Lakini kabla ya mikono, mwenyekiti huleta kibuyu. Kinapita kwa wajumbe na wazee wa koo mmoja mmoja. Anayekubali jambo anakunywa funda moja. Asiyekubali anampa jirani yake bila kunywa. Hapo basi. Waliobaki hawanywi, kibuyu kinarudi kwa mwenyekiti, na hakuna anayeruhusiwa kumuuliza aliyekataa. Ni ufidhuli kumuuliza. Jambo linangoja kikao kingine. Pombe iliyobaki humwagwa kwenye shina la mgomba ulio nyuma ya ofisi.

Wazee waliweka hivyo ili watu wasitukanane. Ukimlazimisha mtu kusema kwa nini hataki, atasema, na akishasema mtaishi nayo miaka thelathini.

Mwenyekiti wetu sasa ni Desderius, yule wa mashine ya kukoboa. Anasema mgomba ule wa ofisini ndio mnene kuliko yote Nyabiyonza, na kwamba mkungu wake tutaupeleka kwenye maonyesho na kuandika: umelelewa na mambo yaliyoshindikana.

Kuhusu shule, kibuyu kimerudi kimejaa mara nne.

Hapa nyumbani hatujambo wote. Vaa viatu vilivyofungwa, mvua za huko ni chafu.

Baba yako mdogo,
Kashaija

*

Dar es Salaam,
25 Oktoba 1992

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za yule ndama. Mpeni jina zuri, msimwite kwa siku aliyozaliwa kama mlivyofanya kwa Jumanne. Mimi sijambo, na nakuandikia nikiwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi, maana hapa sina mtu wa kumwambia isipokuwa mama Speciose, na yeye akifurahi hukoroma tu.

Barua yako niliisoma mara tatu. Halafu nilifanya jambo ambalo sikuagizwa. Katika muhtasari wa mwezi nilichora jedwali. Safu ya kwanza kifungu, ya pili mjumbe aliyekiweka kando, ya tatu sababu. Na kwenye safu ya tatu niliandika ukweli: hakutoa. Hakutoa. Hakutoa. Kurasa mbili nzima, Baba mdogo. Nikapiga chapa nakala tisa na kuziweka mezani.

Kuna mheshimiwa mmoja wa Kusini, mzee mkali, peke yake ana vifungu kumi na moja kando. Akavua miwani.

"Binti, wewe umeajiriwa kuandika, si kuhesabu."

Mimi nisiyefungua mdomo ovyo, nikamjibu, "Mheshimiwa, nimeandika ulichosema. Hukusema kitu."

Nilidhani nimefukuzwa kazi. Mwenyekiti akainamisha uso, mabega yakitikisika, kumbe anacheka. Wakacheka wote, na yule mzee mwishowe. Mwenyekiti akaniuliza kama kwetu kuna namna ya kutoka kwenye shimo la aina hii. Nikawaambia kwetu tumo ndani ya shimo lile lile, na nikawaeleza kibuyu na mgomba wa Desderius. Nikasema: labda tatizo si kukataa. Kila mtu awe na haki ya kukataa. Lakini anayekataa asimame aseme sababu, na kikao kinachofuata alete pendekezo lake badala ya lile alilolikataa. Akikosa sababu au akikosa badala, pingamizi lake linaanguka, na kazi inaendelea.

Wamekubali! Kwanza kwa ajili yao wenyewe, na tayari wamesema wataiandika iwe kanuni ya Bunge lote litakalokuja. Wiki iliyopita vifungu tisa vimetoka kando. Yule mzee wa Kusini ameleta badala ya vifungu viwili, na badala zake ni bora kuliko tulizokuwa nazo. Alikuwa nazo kichwani muda wote!

Sasa nasema kwa ukali kidogo, unisamehe. Ni nani huyo anayekataa shule yetu? Mara nne! Watoto wa Nyabiyonza wanamaliza la saba na kurudi kupalilia, na kuna mtu mmoja anapitisha kibuyu bila hata kusema kwa nini. Mimi namwita mwoga. Mtu mwenye sababu njema haogopi kuisema. Nimemwandikia Desderius barua yake peke yake, nimemweleza kanuni yetu, na nimemwomba aipeleke barazani ili mtu huyo asimamishwe.

Msalimie mama mdogo. Senene wakianguka mnikaangie, mnitumie hata kopo moja.

Mwanao,
Deodatha

*

Dar es Salaam,
3 Januari 1993

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Senene wamefika kwa mkono wa dereva wa lori kutoka Omurushaka, kopo zima, wamekaangwa vizuri. Ndani ya gazeti walilofungiwa hamkuwa na barua. Nimelikunjua gazeti lote na kulisoma pande zote mbili.

Desderius amenijibu mstari mmoja tu: "Tumeipokea kanuni yako kwa mikono yote, na Baba yako mdogo atakueleza yaliyobaki." Hujanieleza. Kama unaumwa, mwambie mwalimu aniandikie. Kama nimekukosea, niambie wewe mwenyewe.

Mwanao,
Deodatha

*

Nyabiyonza,
14 Januari 1993

Mwanangu Deodatha,

Marahaba. Siumwi. Mama yako mdogo ana goti lake, na ndama tumempa jina la Bunge kwa sababu hanyamazi. Maharage yalistawi.

Nimeanza barua hii mara tatu. Ya kwanza niliitupa jikoni, ya pili ilikuwa na uongo.

Mtu anayepitisha kibuyu ni mimi.

Desderius aliisoma barua yako barazani, sauti juu, mpaka pale ulipoandika mwoga. Watu wote wananijua, mara zote nne waliniona kwa macho yao. Wewe peke yako ndiye hukujua. Desderius akaikunja karatasi taratibu, akasema, "Kashaija, binti yako anakutaka usimame." Watu walicheka hadi kuku wa ofisini wakakimbia. Nami nilicheka, maana ningefanya nini. Kisha wakaipitisha kanuni yako, na kibuyu kilizunguka kikamaliza, nami nilikunywa. Sikuweza kukataa jambo lililotoka kwako. Nimepewa mpaka Jumamosi ya tarehe 27 Februari. Siku hiyo nitoe sababu na badala, au pingamizi langu linaanguka.

Sababu ni hii. Kiwanja wanachokitaka ni kibanja cha baba yako. Wamekipima kuanzia barabarani hadi juu kwenye migomba, pamoja na mahali alipolala. Ni tambarare, na maji yako karibu. Kwa shule hakuna pazuri zaidi, nakiri.

Kaka yangu Xaveri alipokuwa anakufa, mama yako alikuwa ametangulia, na wewe ulikuwa shuleni, mtihani wa kidato cha nne. Alikataa tukuite. Akaniambia, "Kibanja ni cha Deodatha. Mshikie." Hakukuwa na shahidi. Unajua kwetu: mtoto wa kike anakula katika kibanja cha baba yake, lakini harithi. Mzee Rwegasira, mkubwa wa ukoo, tangu mazishi anakitaka kwa ajili ya mwanawe. Anadhani mimi nakishika kwa ajili yangu, na kwangu hawezi kukigusa.

Basi nitasimama niseme nini? Nikisema ni chako, Rwegasira atanyanyuka siku hiyo hiyo: mtoto wa kike hana kibanja, ukoo ukigawe. Nikisema ni changu, nimemwibia kaka yangu mbele ya kijiji kizima, na nikifa wanangu watakiona ni chao kweli. Ndiyo maana nilikuwa nampa jirani kibuyu na kutazama milima. Miaka minane nimeipata kwa kunyamaza. Sikupenda watoto wakose shule. Kila jioni nawaona wakipita na majembe, na wananiamkia.

Sikukuambia kwa sababu ungekataa kusoma, ungerudi kulinda migomba. Nakujua.

Usijilaumu. Kanuni yako ni nzuri. Ila imenifikia mimi kwanza.

Baba yako mdogo,
Kashaija

*

Dar es Salaam,
2 Februari 1993

Baba mdogo,

Shikamoo. Leo salamu zangu ni fupi. Nipo mzima.

Barua yako imenifikia jana asubuhi. Niliisoma nimesimama koridoni, halafu nikaingia kikaoni nikaandika muhtasari kurasa sita, na sikumbuki hata neno moja. Nimekuita mwoga. Nililiandika neno lile kwa kalamu mpya na nililipenda lilivyokaa kwenye karatasi. Nimekuwa nikijiona mtu anayefikiri sana, kumbe nafikiri juu ya watu nisiowaona, na wewe uliye mbele yangu miaka yote sikuwahi kukufikiria. Sitaki unijibu kwa hilo. Nataka ulijue tu.

Sasa tufanye kazi.

Kanuni inataka mambo mawili, sababu na badala. Sababu utaitoa wewe. Simama uiseme yote, pamoja na maneno ya baba kitandani. Najua unachoogopa. Lakini badala nitaitoa mimi, na nimeifikiria usiku na mchana tangu jana.

Mtu hawezi kutoa kisicho chake, na watu hawawezi kupokea kutoka kwa asiye na kitu. Kwa hiyo mimi natoa. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili, imeandikwa kwa baraza. Humo mimi, Deodatha binti Xaveri, natoa kwa kijiji sehemu yote ya chini ya kibanja changu, ile rweya ya majani kuanzia barabarani hadi kwenye miti miwili ya mibuni ya zamani. Pale migomba haijawahi kukubali, unajua mwenyewe, lakini madarasa yatakubali. Nimeipima kwa kumbukumbu, wewe ipime kwa kamba. Sehemu ya juu, migomba, nyumba na kaburi, inabaki yangu, na wewe unaendelea kunishikia.

Halafu kuna sharti moja tu, na hapa ndipo kazi yangu ya kuandika mihtasari imenifunza kitu. Katika muhtasari waandike hivi, neno kwa neno: "Kijiji kimepokea ardhi hii kutoka kwa Deodatha binti Xaveri, mwenye kibanja." Wasipoandika maneno hayo mawili ya mwisho, wasipokee. Wakiyaandika, mhuri ukapigwa na nakala ikaenda wilayani, basi kijiji chote kitakuwa kimekiri. Mzee Rwegasira akitaka kuninyang'anya sehemu ya juu, itambidi kwanza aibomoe shule iliyo sehemu ya chini.

Na kama atapinga, mna kanuni. Naye atoe sababu na badala.

Nampa barua hii sista wa Kayanga anayeondoka kesho kwa treni. Sikuiamini posta kwa hili. Isome wewe mwenyewe barazani, si Desderius. Isome pole pole.

Mwanao,
Deodatha

*

Nyabiyonza,
28 Februari 1993

Mwanangu Deodatha,

Marahaba, marahaba, marahaba! Mama yako mdogo amesimama nyuma ya bega langu na anataka niandike kila kitu, na nikiruka kitu ananigonga. Goti limepona kwa muda. Mvua ya kwanza imenyesha. Bunge ameachishwa kunyonya na kelele zimezidi.

Sista alichelewa njiani, akafika Alhamisi, siku mbili kabla. Nilikwisha kukipima kibanja chote kwa kamba, maana nilijua utaandika kitu, ingawa sikujua nini. Tangu darasa la pili hujawahi kuacha swali bila kulijibu.

Jana watu walijaa hadi nje. Desderius akaita, "Kashaija, sababu na badala!" Nikasimama. Nilisema yote. Nilipofika kwenye maneno ya kaka yangu niliyasema kama alivyoniambia yeye kitandani. Kisha nikasoma barua yako pole pole kama ulivyoagiza, na nilipofika "kibanja changu" nikairudia mara mbili, ingawa uliiandika mara moja.

Mzee Rwegasira akanyanyuka na fimbo yake.

"Tangu lini mtoto wa kike akagawa ardhi ya ukoo? Xaveri hakuacha mtoto wa kiume. Kibanja ni cha ukoo."

Desderius akasema, "Mzee, kwa hiyo tuikatae rweya?"

"Rweya tuichukue. Shule ni nzuri. Lakini tuichukue kutoka kwa ukoo."

Hapo mama yako mdogo akasimama mahali wanawake walipoketi, bila kuitwa, na kitenge chako cha zambarau. "Mzee wangu, shikamoo. Ukoo ulikuwa na ardhi hiyo miaka minane. Uliitoa?" Wanawake wakapiga vigelegele kabla hata hajamaliza. Akaendelea, "Aliyeitoa ni mmoja. Kama si yake, shule hatuna. Kama ni yake, shule tunayo. Sisi wenye watoto tunangoja mchague."

Rwegasira akasema yeye anapinga, basi. Akakaa.

Sasa sikia. Desderius hakumwacha. Akasema kwa adabu kabisa, na mikono nyuma, "Mzee, sababu tumeisikia na imeandikwa. Bado badala. Kwa kanuni tuliyoinywa wote hapa, wewe pia ukiwamo, kikao kijacho utuletee kiwanja kingine, tambarare, chenye maji." Akaongeza, "Nimezunguka kata yote. Ninakijua kimoja tu kingine. Kiko chini ya nyumba yako, pale unapochunga."

Deodatha, laiti ungemwona! Alitazama fimbo, akatazama dari, akatazama mwanawe. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mzee, ng'ombe watahamia shuleni?" Vicheko. Rwegasira mwenyewe mdomo ukamcheza.

"Leteni kibuyu," akasema.

Kilipita. Mimi nilikunywa funda langu, na safari hii niliisikia ladha yake. Kilipofika kwa Rwegasira alikishika kwa mikono miwili, akanywa, na hakukitoa mdomoni. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti, tatu, nne, tano! Alipokishusha akajipangusa na kusema, "Msije mkasema nilikunywa kidogo." Kisha akanisogelea mbele ya wote, akaniambia, "Ungeniambia siku ya mazishi, ningekukatalia. Umefanya vizuri kuninyima nafasi." Sijui kama ni msamaha au ni pombe. Nimepokea vyote viwili.

Kibuyu kilirudi kitupu. Desderius alikigeuza juu chini, tone moja halikuanguka. Akatoka nje, akasimama mbele ya ule mgomba wa nyuma ya ofisi, akautangazia kwamba kuanzia leo utafute maji kama migomba mingine.

Nakala ya muhtasari ni hii humu ndani, na mhuri. Niliangalia maneno mawili ya mwisho kabla ya mwalimu kuweka sahihi. Yapo. Jumatatu nakala nyingine inakwenda wilayani, naipeleka mimi kwa miguu yangu.

Leo asubuhi nimekwenda kaburini. Sikupalilia, ni safi. Nilimweleza tu kaka yangu kwamba mzigo alioniwekea nimeutua.

Baba yako mdogo,
Kashaija

*

Dar es Salaam,
21 Machi 1993

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mwambie mama mdogo nimenunua kitenge kingine, cha kijani, kwa ajili ya siku ya kuweka msingi. Cha zambarau kimeshaingia katika historia, akitunze. Msalimie Desderius. Msalimie pia mzee Rwegasira kwa heshima zote, na mwambie mwanawe rweya nimewaachia watoto wote, wakiwamo wa kwake.

Nami nina habari yangu. Ijumaa kamati imemaliza kazi. Hakuna kifungu kilichobaki kando. Kanuni ya anayekataa kutoa sababu na badala imekuwa kifungu cha kumi na tisa, na rasimu nzima sasa inapanda kwa wakubwa. Sijui wataikata wapi na wataiacha wapi. Lakini watu tisa wasiokubaliana wameketi meza moja na wakamaliza, na mimi nilikuwepo nikiandika. Jina langu halimo humo, na halitakiwi kuwemo. Wajumbe wenyewe hawaiiti kumi na tisa, wanaiita Kibuyu. Siku ya mwisho yule mzee wa Kusini alisimama, akafunga koti lake, akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, sina pingamizi. Kibuyu kipite." Na mama Speciose, mlangoni, akakoroma.

Nilimwambia yaliyotokea kwetu, yule mzee. Nilimwonyesha muhtasari wenu. Aliusoma bila miwani, ameusogeza mbali, halafu akaniuliza, "Huyu mwenye kibanja ni nani?"

Nikasema, "Ni mimi."

Baba mdogo, nimeandika maneno mengi ya watu wengine katika kazi hii. Hilo nililisema mwenyewe.

Nitakuja Juni kwa likizo. Nataka tupande mgomba mmoja mpya sehemu ya juu, karibu na baba, na tuunyweshe funda moja la rubisi ya kukubaliana, nao ulelewe na mambo yaliyowezekana. Nishikie jembe. Kibanja sasa nitakishika nawe.

Mwanao,
Deodatha binti Xaveri,
mwenye kibanja, Nyabiyonza